Mambo Matano Yanayochosha Katika Vita vya Vijisanamu

 

Leo tunaangalia hobi moja ambayo huenda umeiona mtandaoni: mchezo wa vita vya vijisanamu. Meza kubwa, mara nyingi futi sita kwa nne, imepangwa vilima, miti na magofu. Juu yake wamesimama askari wadogo wa plastiki waliopakwa rangi kwa ustadi hadi macho yao yanaonekana. Wachezaji wawili wanapima hatua kwa tepu, wanarusha dadu, na jeshi moja linaibuka mshindi. Video ni ya dakika kumi na inapendeza kweli. Unaitazama, unasema, "Na mimi nataka!"

Kabla hujatuma hela, soma hadi mwisho. Hizo dakika kumi zimebebwa na saa nyingi ambazo kamera haikuzionyesha, na wanaoacha hobi hii wengi huachia kwenye saa hizo.

Tuanze na historia fupi

Mchezo huu haukuanza kama burudani ya vijana. Mwaka 1812 Mprusia mmoja, Georg Leopold von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza ya kuchezea vita. Mwaka 1824 mwanawe akatoa kanuni kamili, na jeshi likazitumia kufundishia maofisa. Mwaka 1913, huko Uingereza, mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars, chenye sheria za kupigana kwa vinyago vya askari na mizinga midogo ya springi. Baadaye akaja Donald Featherstone, ambaye kitabu chake War Games cha mwaka 1962 kiliwavuta watu wengi kwenye hobi hii.

Mwaka 1975 kampuni ya Games Workshop ilianzishwa London. Leo makao yake yako Nottingham. Ndiyo iliyotoa Warhammer mwaka 1983 na Warhammer 40,000 mwaka 1987, na huo wa pili ndio unaoonekana zaidi kwenye video hizo.

Sasa tuyaangalie mambo yanayochosha, moja baada ya jingine.

1. Kukata, kukwangua na kuunganisha

Sisi tumezoea bao. Likishachongwa na kete zikiwepo, unakaa chini unacheza. Huku ni tofauti. Unafungua boksi unakuta fremu za plastiki, na viungo vya askari vimeshikamana nazo: mkono huku, kichwa kule, mguu pembeni. Unavikata kwa plaisi ndogo kimoja kimoja.

Halafu kuna ule mstari. Kijisanamu hutoka kwenye kalibu yenye pande mbili, na pale pande zinapokutana hubaki mstari mwembamba wa plastiki kuanzia kichwani hadi mguuni. Mwanzoni huuoni, unaona ni kitu kidogo. Ukishapaka rangi ndipo unajitokeza kama kovu, na hapo umeshachelewa. Kwa hiyo inabidi ukwangue kwa kisu au tupa ndogo kabla ya yote. Ukitumia dakika kumi tu kwa kila askari, na jeshi lako lina askari sitini, hizo ni saa kumi, na bado hujagusa brashi.

Wanaochapa vijisanamu vyao kwa printa ya 3D wanadhani wamekwepa. Wapi! Rezini ikiwa bado mbichi huwasha ngozi, kwa hiyo lazima uvae glavu. Kila kipande kinaoshwa kwa alkoholi, kinakaushwa kwa mwanga maalum, kinaondolewa vijiti vilivyokishikilia. Ukipiga msasa unahitaji barakoa, maana lile vumbi si zuri kwa mapafu.

2. Kumpaka rangi askari wa thelathini

Askari wa kwanza ni raha tupu. Kijisanamu cha milimita 28 hivi kinapata uso, koti na buti, nawe unakigeuzageuza kwenye mwanga kama mzazi mwenye mtoto mchanga. Wa pili bado raha. Ukifika wa kumi na mbili unaanza kuhesabu waliobaki.

Kazi yenyewe ina ngazi zake. Praima kwanza ili rangi ishike, kisha rangi za msingi, kisha rangi nyepesi ya majimaji inayoingia kwenye mikunjo kufanya kivuli, kisha kugusa kingo kwa rangi ya mwanga, kisha kutengeneza ardhi chini ya miguu, na mwisho vanishi. Watu wengi hupaka kwa mafungu: buti kumi, halafu mikanda kumi, halafu mikono kumi. Inaokoa muda, ila unajikuta kama uko kiwandani. Na hali ya hewa ikiwa na unyevu mwingi, praima ya kopo inaweza kukauka ikiwa na chembechembe kama mchanga, na vanishi ikaacha ukungu mweupe juu ya kazi ya wiki nzima.

Hata watengenezaji wanajua kwamba hapa watu wanachoka. Mwaka 2019 Games Workshop walitoa rangi zinazoitwa Contrast, ambazo zinaweka rangi na kivuli kwa mpako mmoja. Zimesaidia wengi. Lakini askari wa thelathini bado anakusubiri. Hakuna chupa inayompaka akiwa peke yake.

3. Maboksi yasiyofunguliwa

Hapa naomba utulie kidogo, maana hiki ndicho kiini cha somo letu.

Kununua boksi ni jambo la dakika mbili. Kulimaliza ni kazi ya miezi. Fanya hesabu mwenyewe: mtu anayenunua kila mwezi na kumaliza boksi moja kila baada ya miezi mitatu atakuwa na maboksi manane hayajaguswa mwaka ukiisha. Wenye hobi hii wana jina lao kwa hali hiyo, wanaiita lundo la aibu. Wanalitaja huku wanacheka, lakini kicheko hicho kina uchungu ndani yake.

Tena soko halilali. Warhammer 40,000 ilipata toleo jipya la sheria mwaka 2017, likaja lingine 2020, na lingine 2023. Kila toleo linakuja na vitabu vipya na vijisanamu vipya, na kitabu ulichonunua juzi kinageuka karatasi za kumbukumbu. Jeshi lililokuwa kali jana, leo linakuwa la kawaida. Anayetaka kwenda sawa na kila toleo atakuwa mtu wa kukimbia tu, hafiki.

Sasa jiulize: kwa nini mtu mwenye maboksi manane anaenda kununua la tisa? Ni kwa sababu boksi jipya halijamchosha bado. Limejaa ahadi. La zamani linamdai kazi, jipya linampa ndoto. Ile raha ya kununua inajifanya ndiyo raha ya hobi, kumbe ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na hili haliko kwenye vijisanamu peke yake. Kuna gitaa lililonunuliwa likaning'inizwa ukutani. Kuna kozi ya mtandaoni iliyolipiwa ikaishia somo la pili. Kuna daftari zuri la kuandikia mipango lenye kurasa tatu zilizojazwa na mia mbili nyeupe. Sehemu inayochosha ndiyo inayokupima. Inakuuliza swali moja tu: unapenda kukifanya kitu hiki, au unapenda kuwa na vifaa vyake?

4. Sheria na ubishi wa nusu inchi

Umemaliza kupaka, umefika mezani. Sasa unakutana na kitabu cha sheria. Kikosi kinatembea inchi sita, bunduki inafika inchi ishirini na nne, adui aliye nyuma ya ukuta anapata kinga, isipokuwa kama ana hiki au yule ana kile. Kila hatua inasimamishwa ili watu wafunue ukurasa.

Usidhani ni tatizo la siku hizi. Wale maofisa wa Prusia walichoshwa na majedwali na hesabu za mchezo wao mpaka mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza wapunguze sheria na kumwachia mwamuzi mwenye uzoefu aamue. Wells naye aliona wachezaji wanachukua muda mrefu mno kufikiri, akaweka kikomo cha muda kwa kila zamu.

Uchovu huo una hatari yake: ubishi. Tepu imepinda kidogo, mmoja anasema imefika, mwingine anasema bado. Ni nusu inchi tu, kwenye vita ambayo haipo, na bado marafiki wawili wanaweza kuondoka hawasemeshani. Wachezaji wazoefu wana dawa mbili. Kwanza, wanasema nia kabla ya kusogeza: "Nataka kikosi hiki kikae nje ya inchi zako kumi na mbili, unakubali?" Mkikubaliana mapema, hamgombani baadaye. Pili, mkishindwa kuelewana, rusheni dadu moja, matokeo yake muyafuate, muendelee. Ukweli wako wa nusu inchi hauna thamani ya rafiki.

5. Kufungasha, na kushindwa

Mchezo kamili wa pointi 2,000 unaweza kula saa tatu, na hapo hujahesabu kupanga meza na kukusanya. Vijisanamu vinasafiri kwenye masanduku ya sponji, au vinawekwa sumaku chini ili vikae kwenye trei ya chuma. Pamoja na hayo yote, mkuki unavunjika njiani. Mchezaji mzoefu hatoki nyumbani bila supa gluu.

Halafu unashindwa. Umefanya kazi miezi minne, na kikosi ulichokipaka kwa upendo kuliko vyote kinaondolewa mezani zamu ya kwanza kwa sababu dadu zilikataa. Inauma, tusidanganyane. Hapo mtu anaanza kusema dadu zimelaaniwa. Dadu haina kumbukumbu wala haina kinyongo. Nafasi ya kupata sita ni moja kati ya sita kila unaporusha, hata kama umekosa mara kumi mfululizo. Anayeshinda kwa kelele na anayeshindwa kwa kununa wote hukosa watu wa kucheza nao.

Kuna jambo moja la Wells ambalo vijana tunapaswa kulijua. Katika kitabu kile kile cha 1913 aliandika kwamba ukicheza vita hivi vidogo mara chache tu, utaona vita ya kweli ilivyo jambo la hovyo na la kuvurugika. Mezani, amri inaeleweka vibaya, mpango mzuri unakwama kwenye daraja, na vinaondolewa vinyago. Mwaka uliofuata, 1914, vita kuu ilianza na walioondolewa walikuwa watu. Anayecheza mchezo huu akiwa na akili timamu haipendi vita zaidi. Anaiogopa zaidi.

Basi tufanyeje?

Wengi wanaodumu katika hobi hii nao huchoka. Wanachofanya ni kuugawa uchovu vipande vidogo. Anza na askari watano, si sitini. Ipo michezo ya vikosi vidogo inayohitaji vijisanamu kumi au pungufu, na hiyo inatosha kujua kama unaipenda kazi yenyewe. Kaa nusu saa jioni, simu ikiwa chumba kingine. Kwangua mistari ukiwa na rafiki mnapiga stori, saa zinaenda bila kuzisikia. Na jiwekee sheria moja: boksi jipya haliingii ndani mpaka la zamani limalizike.

Na kama umejaribu kwa haki ukaona haikufai, acha kwa amani. Mpe mwingine vifaa, au viuze. Kuacha kitu baada ya kukijaribu kwa uaminifu si aibu. Shida ni kulinda lundo miaka kumi huku ukijiita mtu wa hobi.

Maswali ya kutafakari wiki hii

1. Ni kitu gani nilikinunua kwa hamu na hadi leo hakijaguswa? Ni sehemu gani yake inayonichosha hasa?

2. Nikinyimwa kununua chochote kipya kwa miezi mitatu, je, hobi yangu itaendelea kuwepo?

3. Ni lini mara ya mwisho nilimkasirikia rafiki kwa ajili ya mchezo? Je, tulishamalizana?

Chagua swali moja tu, na kabla ya Jumapili fanya kitu kimoja kidogo kuhusu jibu lake. Kama ni gitaa, lishushe ukutani ulifute vumbi. Kama ni rafiki, mpigie.