Mali bila daftari: mambo ya kufanya kabla chama hakijanunua programu ya kompyuta

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tunapokutana na viongozi wa vyama vya msingi vya kahawa hapa Bukoba na Muleba, huuliza: tununue programu ipi ya kuunganisha mizani, ghala, malipo na hesabu? Faida yake ni kubwa: kilo zikiandikwa mara moja mizanini, mtunza ghala na mhasibu huziona hapo hapo. Lakini sisi huanza na swali jingine: daftari lenu likoje? Kompyuta haisahihishi daftari bovu, hueneza makosa yake kwa haraka.

1. Safisheni orodha ya wanachama. Kwetu R na L hupishana. Mkulima anaweza kuwa Rwegasira kwenye daftari, Lwegasira kwenye stakabadhi na Rwegasila benki. Karani anamfahamu, kompyuta itahesabu watu watatu, na malipo yatakwama. Kila mwanachama apewe namba moja. Mama anayeleta kahawa yake aandikwe kwa jina lake, si la mumewe.

2. Kubalianeni vipimo. Kahawa ya maganda ikikobolewa hutoa takriban nusu ya uzito wake kuwa kahawa safi. Msipotenganisha hizo mbili, ghala litaonekana lina upungufu na mtu asiye na kosa atashukiwa.

3. Gaweni madaraka. Anayepima asiidhinishe malipo. Kila mmoja awe na neno lake la siri, asimwazime mwenzake.

4. Msianze wakati wa msimu. Mwaka 1999 kampuni ya chokoleti ya Hershey, Marekani, iliwasha mfumo mpya karibu na msimu wake mkubwa wa mauzo. Ilishindwa kupeleka maagizo ya takriban dola milioni 100, ingawa bidhaa zilikuwepo ghalani. Anzeni kabla ya mavuno, kwenye kituo kimoja. Kisha tumieni daftari na kompyuta pamoja kwa msimu mzima, mkilinganisha hesabu kila jioni.

5. Jiandaeni kwa kukatika umeme. Wekeni vitabu vya stakabadhi za karatasi, na nakala ya kumbukumbu nje ya ofisi.

Kwa nini tunasisitiza mambo madogo haya? Mzazi anayedaiwa ada, huku malipo yake yamekwama kwa herufi moja, hasubiri. Mwaka unaofuata atauza butura, kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Yeye atapoteza jasho lake, na chama kitapoteza kahawa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Je, majina yetu yanafanana kwenye daftari, stakabadhi na benki?
- Nani hukagua mizani yetu, na mara ngapi?
- Karani akiugua, nani mwingine anaweza kufanya kazi yake?