Jadili Mchango wa Sekondari Msingi kwa Vijana Wanaobaleghe

Swali hili huwaponza watahiniwa wanaoorodhesha masomo bila kueleza yanamfanyia nini kijana. Anza na ukweli wenyewe: nchini Kenya, sekondari msingi ilianza Januari 2023. Ina Gredi ya 7 hadi ya 9, umri ambao mwili na hisia hubadilika kwa kasi.

Hoja yako nzito iwe tathmini. Katika matokeo ya Gredi ya 9, mtihani wa mwisho hubeba asilimia 60. Asilimia 20 ni za kazi alizofanya shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na 20 nyingine ni za tathmini ya Gredi ya 6. Usiishie kwenye takwimu. Eleza kwamba kijana aliyevurugika muhula mmoja bado ana nafasi ya kujikwamua. (Wewe unayesubiri KCSE unajua uzito wa mtihani mmoja!)

Kuhusu makuzi ya kijamii, taja miradi ya huduma kwa jamii. Wanafunzi wakipanda miti kwa vikundi, hujifunza kugawana kazi na kupingana bila matusi; hata mnyamavu hupata jukumu.

Kwa kuwa umeambiwa "jadili", toa upande wa pili pia: shule hizi zimo ndani ya shule za msingi, na nyingi hazina maabara. Hata hivyo, papo hapo pana hoja ambayo wengi huisahau: mtoto wa miaka 12 anayesomea karibu na kwao hurudi jioni kwa wazazi, akawaeleza yanayomsibu.