Kujitoa katika Ununuzi wa Gari Bila Kupoteza Fedha

Chukulia mkulima wa korosho aliyelipwa baada ya mnada. Anakwenda yadi, anachagua gari la shilingi milioni 18, anatoa milioni 3 za kuanzia na kutia saini karatasi ya ukurasa mmoja. Siku nne baadaye mama yake analazwa, na fedha zinahitajika hospitalini. Akirudi kudai milioni zake anaoneshwa mstari wa mwisho wa karatasi ile: fedha iliyolipwa hairudishwi.

Wengi huamini kuwa mnunuzi hupewa siku chache za kubadili mawazo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haina siku hizo. Makubaliano yakishafikiwa, pande zote mbili zimefungwa, na haki ya kujitoa hutafutwa ndani ya mkataba wenyewe au katika kosa la muuzaji. Asiye na kimojawapo hubaki na njia ya maelewano.

La kwanza kuchunguza ni jina la fedha iliyotolewa. Arubuni ni dhamana ya ahadi: mnunuzi akijitoa bila sababu ya kisheria, kwa kawaida muuzaji hubaki nayo. Malipo ya sehemu ya bei ni jambo jingine. Hayo yaweza kudaiwa, isipokuwa muuzaji ana haki ya kufidiwa hasara halisi aliyoipata. Hata mkataba unapotaja faini ya kuuvunja, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humpa aliyeumizwa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa, wala si lazima apewe chote. Ajabu ni kwamba watu hubishania bei saa nzima, kisha risiti wakaitia mfukoni bila kuisoma.

Kwa mkulima yule, njia yenye hasara ndogo ni kumpelekea muuzaji mnunuzi mwingine kabla gari halijatoka yadi. Muuzaji akiridhia, mkataba wa kwanza ufutwe kwa maandishi yenye tarehe na saini za pande zote, na kiasi cha kurudishwa kitajwe. Umiliki ukishahamishwa TRA, gharama za uhamisho zimekwisha kulipwa, na gari likiuzwa tena zitadaiwa upya. Aliyenunua kwa mkopo akumbuke pia kwamba deni lina mkataba wake: kumrudishia muuzaji gari hakulifuti. Mkopeshaji ashirikishwe tangu mwanzo.

Mambo hubadilika gari linapokuwa na kasoro. Mfanyabiashara wa magari anawajibika kutoa gari linalolingana na maelezo yake na lenye ubora unaofaa kuuzwa. Lakini mnunuzi aliyelikagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuidhihirisha; ndiyo maana fundi apelekwe kabla ya malipo. Kasoro iliyofichika ikijitokeza, muda ni kila kitu. Anayeendelea kulitumia gari, akalipaka rangi au akakaa kimya kupita muda wa kuridhisha, huhesabiwa kuwa amelipokea. Hapo haki ya kulikataa hupotea, ikabaki ya kudai fidia. Basi gari liegeshwe, na barua ya kulikataa ipelekwe mara moja, nakala yake igongwe muhuri wa mapokezi. Sheria haimlazimishi mnunuzi kulirudisha gari yadi. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba amelikataa. Simu pekee haifai, kwa kuwa ni rahisi kuikana baadaye.

Na ikiwa muuzaji alidanganya, kwa mfano kwa kurudisha nyuma kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, mkataba waweza kubatilishwa kwa hiari ya aliyedanganywa. Malalamiko ya aina hiyo hupokelewa pia na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wakazi wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kuonana na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ataelekeza walipo. Wachukue mkataba, risiti ya EFD, nakala ya kadi ya gari na ujumbe wote wa simu uliotumwa kati yao na muuzaji, ukiwemo ule wa kupatana bei.