Kuhamia Penye Hewa Nzuri Ukiwa na Ugonjwa Sugu wa Mapafu: Maswali Yanayoulizwa Zaidi

Mtu anayebanwa na kifua mwaka hadi mwaka hufika mahali akaanza kuwaza kuhama. Watoto walioko Dar es Salaam wanamwita mama yao kutoka Njombe kwa sababu baridi inamtesa. Mstaafu wa Temeke naye anatamani kurudi Lushoto akapate hewa ya milimani. Wote wana nia njema. Lakini kuhama kunaweza kumpa mgonjwa nafuu ya kweli, na kunaweza pia kumtumbukiza katika shida kubwa kuliko ile aliyoikimbia. Majibu haya yameandikwa ili mgonjwa na familia yake waamue wakijua wanachokifuata.

Ugonjwa sugu wa mapafu ni upi?

Ni magonjwa yanayokaa na mtu kwa miaka: ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, pumu, makovu yaliyoachwa na kifua kikuu kilichokwisha kutibiwa, na madhara ya vumbi la mawe yanayowapata wachimbaji wa madini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Sigara ni chanzo kikubwa, lakini kwetu moshi wa kuni na mkaa una sehemu yake nzito. Ndiyo maana akina mama wengi ambao hawajawahi kuvuta sigara wanaumwa.

Kabla ya kufikiria mkoa wa kuhamia, jua unaumwa nini kati ya haya. Omba kipimo cha kupuliza kinachoonyesha uwezo wa mapafu, na picha ya kifua. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza, hata kama umezoea kukohoa.

Je, nikihama nitapona?

Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi kuwa mapya kwa kubadili mji. Kinachoweza kubadilika ni mara ngapi unazidiwa, unalala vipi, na ugonjwa unasonga mbele kwa kasi gani. Hilo ni jambo kubwa, lakini linapatikana tu ikiwa umeondoka penye kile kinachokudhuru.

Chukua daftari, na kwa mwezi mmoja au zaidi andika siku kifua kilipobana: ulikuwa wapi, saa ngapi, nani alikuwa anapika, palikuwa na vumbi, baridi au harufu gani. Mara nyingi daftari hilo humwonyesha mgonjwa kwamba adui yake yumo ndani ya ua wake: jiko la kuni lisilo na bomba la moshi, chumba chenye ukungu, au mwana wa nyumbani anayevuta sigara sebuleni. Mtu wa namna hiyo akihama na jiko lake atakuwa amebadili anwani tu. Hama moshi kabla ya kuhama mkoa. Wapo watakaoona, baada ya kuhamia jiko la gesi au la umeme na kuacha sigara, kwamba hawana tena haja ya kufunga mizigo.

Hewa ya milimani si ndiyo dawa ya mapafu?

Imani hii ina historia. Kabla ya kupatikana dawa za kuua vimelea vya kifua kikuu, wagonjwa walipelekwa sehemu za miinuko wapumzike na kula vizuri. Hospitali ya Kibong'oto, katika miteremko ya Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kwa kazi hiyo.

Lakini hewa ya mlimani, hata ikiwa safi, ni nyepesi. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo kila pumzi inavyokuwa na oksijeni kidogo. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na Nairobi haiko mbali na hapo. Njombe na Eldoret zinakaribia au kupita mita 2,000. Katika miinuko hiyo, pumzi moja hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Tanga au Mombasa. Mtu mwenye mapafu mazima huzoea. Mgonjwa ambaye oksijeni yake iko chini tangu awali anaweza kushindwa kupanda hata ngazi alizokuwa akizipanda akiwa pwani.

Kwa hiyo anayetaka kuhamia nyanda za juu apimwe oksijeni kwa kifaa cha kidoleni akiwa ametulia na baada ya kutembea, kisha amwambie daktari jina la mji anaokwenda.

Basi pwani ndiko kuzuri?

Kwa oksijeni, ndiyo. Ila pwani ina joto na unyevunyevu, na unyevunyevu huzaa ukungu ukutani na wadudu wadogo wa vumbi kwenye magodoro, mambo yanayoamsha pumu. Dar es Salaam ina foleni, moshi wa magari na uchomaji wa taka mitaani. Dodoma haina unyevu huo, lakini vumbi lake la kiangazi si la kupuuzwa. Hakuna mji unaomfaa kila mgonjwa.

Njia ya hakika ni kujaribu. Nenda ukae kwa ndugu kwa wiki kadhaa kabla ya kuuza nyumba au kukodisha shamba. Chagua msimu mgumu wa huko: masika kwa pwani, Juni na Julai kwa nyanda za juu. Endelea na lile daftari lako. Ukistahimili msimu mbaya, mizuri haitakusumbua.

Nyumba ya namna gani inanifaa?

Tazama mtaa kabla ya kutazama chumba. Epuka nyumba iliyo kando ya barabara kuu, jirani na mashine ya kusaga, gereji, tanuri la matofali, karakana ya useremala au dampo. Pita hapo jioni, saa ya kupika, uone moshi wa majirani unaelekea wapi. Nyumba za kupanga zenye korido moja ambayo kila mpangaji anawasha jiko la mkaa mlangoni pake hazimfai kabisa mgonjwa wa kifua.

Ndani, tafuta madirisha yanayopitisha hewa pande mbili, kuta zisizovuja, na choo kisichohitaji kupanda ngazi. Ghorofa ya tatu isiyo na lifti inaweza kumfunga mtu ndani kwa wiki nzima.

Matibabu yangu nitayahamishaje?

Usihame mikono mitupu. Omba kwa daktari wako barua ya rufaa au muhtasari wa ugonjwa, majibu ya vipimo, picha za kifua, na orodha ya dawa pamoja na dozi zake. Piga nakala, na uzipige picha zote kwenye simu. Uliza mapema kama hospitali unayohamia ina kliniki ya kifua, kama inapokea bima yako, na kama dawa zako za kuvuta zinapatikana huko. Dawa ya kufungua kifua haraka hupatikana mahali pengi. Ile ya kutuliza uvimbe kila siku ndiyo huadimika. Beba akiba ya mwezi mmoja au miwili.

Ikiwa bado uko kwenye dozi ya kifua kikuu, usiondoke kabla kituo chako hakijakuandikia uhamisho. Dawa hizo ni bure, na kuzikatiza hata kwa muda mfupi kunaweza kuzaa kifua kikuu sugu kinachowadhuru na wale unaokwenda kuishi nao.

Natumia oksijeni nyumbani. Nijipange vipi?

Wagonjwa wanaoandikiwa oksijeni ya muda mrefu hushauriwa kuitumia saa zisizopungua 15 kwa siku. Mashine ya kuzalisha oksijeni yenye nguvu ya wati 350, ikifanya kazi saa hizo, hula zaidi ya uniti 5 za umeme kwa siku, yaani zaidi ya 150 kwa mwezi. Familia iweke gharama hiyo kwenye bajeti kabla ya kuhama, iulize umeme wa mtaa ule unakatika mara ngapi, na iwe na mtungi wa akiba.

Oksijeni ni dawa na ina kipimo chake. Usiongeze mwenyewe kwa sababu umehema zaidi. Kwa baadhi ya wagonjwa, ikizidi huleta usingizi mzito na kuchanganyikiwa. Wala isitumike karibu na jiko, mshumaa au sigara, kwa kuwa huukuza moto kwa kasi ya kutisha.

Je, safari yenyewe?

Usisafiri ukiwa umezidiwa. Subiri kifua kitulie. Dawa za kuvuta ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye buti la basi. Kwa wanaopanda ndege, hewa ya ndani huweza kufanana na ya mwinuko wa mita 2,400, hivyo mwenye oksijeni ya chini anahitaji kibali cha daktari, na shirika la ndege lijulishwe mapema. Aliyewahi kupasuka pafu hivi karibuni asipande ndege kabla daktari hajamruhusu.

Na watu wangu je?

Hili husahaulika, nalo ni zito. Mzee aliyezoea majirani wanaomjulia hali kila asubuhi anaweza kufungiwa nyumbani mjini kuanzia alfajiri mpaka watoto watoke kazini. Upweke humnyima mgonjwa hamu ya kula, kutembea na kunywa dawa. Mshirikisheni katika uamuzi. Msimhamishe kama mzigo. Kubalianeni nani atabaki naye mchana, nani atampeleka kliniki, na nani atalipa nini. Mfundisheni kila mtu wa nyumba hiyo, na jirani mmoja, jinsi ya kumsaidia kutumia dawa ya kuvuta.

Ni wakati gani nisisubiri tena?

Nenda hospitali mara moja, uwe umehama au hujahama, ukiona haya: kushindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo au kucha kugeuka rangi ya bluu, kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, kukohoa damu, maumivu ya ghafla ya kifua, au dawa ya dharura kutoleta nafuu. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya siku ya kwanza kwenye makazi mapya ni kujua hospitali ya karibu yenye oksijeni, njia ya kufika usiku, na namba ya dereva atakayepokea simu. Mambo hayo matatu yaandikwe na kubandikwa ukutani kabla mizigo haijafunguliwa.