Moyo wa Kufundisha

Andiko: Kutoka 35:30-35



Tukisoma habari za Bezaleli, wengi wetu tunakwama kwa dhahabu na shaba. Jumapili niliwaomba mrudie mstari wa 34. Musa anasema Mungu alimtia Bezaleli, pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani, moyo wa kufundisha wengine. Walipewa ujuzi, na pamoja nao wakapewa kazi ya kuupitisha.

Mimi nilisomea biashara. Chuoni tulifundishwa kulinda kile ambacho mshindani wako hana. Kwa hivyo dada mmoja wa hapa kanisani aliponijia mwaka jana, nilimjibu kama mtu wa darasani. Anauza sukuma na spinachi karibu na steji, na mboga nyingi anazikuza mwenyewe kwa magunia nyuma ya ploti. Kina mama wa ushirika wa nyumbani walitaka awafundishe. "Pasta, wote wakijua, nitamuuzia nani?" Nikamwambia awalipishe, ama awaonyeshe nusu tu.

Aliondoka kimya. Baada ya wiki mbili nikasikia anafundisha kila Jumamosi, bure. Nilipomuuliza, akanikumbusha alikotoka. Mwaka wa 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, chakula kilipokuwa ghali, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisambaza miche Kibera na Mathare, na watu wakajifunza kupanda kwa magunia. Yeye alionyeshwa na jirani yake Kibera, ambaye hakumuitisha hata shilingi. "Sasa mimi nitauzaje kitu nilipewa?" Hapo digrii yangu ilinyamaza.

Nikaenda darasani, nikakaa na wanafunzi wengine. Udongo unachanganywa na mbolea ya mbuzi iliyoiva vizuri. Katikati ya gunia unaweka mkebe uliotobolewa pande zote mbili, unaujaza kokoto, unazungushia udongo, halafu unauvuta juu na kujaza tena, mpaka ubaki mnara wa kokoto kutoka chini hadi juu. Maji hupitia hapo. Miche ya sukuma inaingia kwa matundu ya ubavuni, na juu unaweza kupanda dhania ama vitunguu. Ukichuma, anza na majani ya chini. Maji uliyooshea mboga usimwage, gunia litayanywa.

Gunia langu la kwanza nilijaza haraka, manake nilikuwa na mkutano, nikaruka mambo ya kokoto. Juu kulikuwa matope, miche ya chini ikakauka yote. Dada hakunicheka sana. Alinifanya nilimwage lote nianze upya mbele ya watu, na nadhani hapo ndipo wengine waliona hata wao wanaweza. Mwalimu mzuri hakufanyii kazi. Siku hizi mzee mmoja aliyefanya kazi ya shamba miaka mingi anamsaidia upande wa miche, na kijana mmoja anabeba udongo.

Sasa, sitawadanganya eti biashara yake imeongezeka mara mia. Wateja watatu wamepotea, wanachuma kwao. Nilimuuliza kama anajuta. Akafikiria kidogo, akasema mwezi wa kwanza iliuma. Halafu akanitajia mmoja wa hao watatu, mama aliyekuwa akikopa sukuma jioni na kupitia njia ya nyuma mwisho wa mwezi ndio wasikutane.

"Siku hizi anapitia hapa mbele," akasema. "Tunasalimiana."

Darasa ni Jumamosi saa tatu asubuhi, nyuma ya kanisa. Kuja na gunia na mkebe, udongo upo. Na wewe unayejua kushona, kuchomelea ama kutengeneza simu, nitafute baada ya ibada kabla hujaenda nyumbani.