Kamba ya Kiuno na Mafuta ya Damu

Twaa kamba nyembamba. Mtu akupime kwayo toka utosini hata kisigino, uikate hapo. Uikunje katikati, kisha ujizungushie tumboni, juu kidogo ya kitovu, ukiisha kutoa pumzi. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, mafuta yamezidi ndani ya tumbo lako, hata kama majirani wa Katuba wanakusifu kwa unene huo.

Kamba haionyeshi kolesteroli. Hiyo hujulikana kwa kupima damu tu, na hata mtu mwembamba aweza kuwa nayo nyingi. Kolesteroli ni mafuta kama nta. Ini hutengeneza sehemu kubwa yake, maana mwili unaihitaji. Ikizidi, hujikusanya katika mishipa bila maumivu yo yote, hata siku moja moyo au ubongo ukose damu. Nayo huongezeka kwa umri. Kwa mama, hupanda hasa hedhi ikikoma, na wengi hushangaa kwa kuwa chakula chao ni kile kile.

Wengine husema, “Ni ukoo wetu.” Neno hilo ni kweli nusu. Katika chembe za mwili mna maandishi ya urithi, ndiyo jeni. Juu yake mwili hubandika alama ndogo sana za methili, kama karatasi iliyobandikwa juu ya ukurasa usisomwe vizuri. Jeni moja, ABCG1, husaidia kutoa kolesteroli katika chembe. Wenye alama nyingi hapo mara nyingi wana mafuta mabaya ya damu na kiuno kinene pia. Je, kipi kilitangulia? Mwaka 2017 uchunguzi mkubwa ulionyesha ya kwamba kwa sehemu kubwa unene hutangulia, alama hufuata. Basi usimlaumu babu upesi.

Tazama kwanza sufuria. Mawese hayana kolesteroli, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya namna inayofanya ini liiache kolesteroli katika damu. Sombe usiiache, punguza mafuta yake.

Lakini kuna jamaa ambazo watu hufa kwa moyo wangali na miaka arobaini. Huko yamkini maandishi yenyewe yana kosa, wala si alama. Watoto wao wapimwe damu mapema, na mwenye kupewa vidonge na munganga asiviache kwa sababu anajisikia mzima.