Fukuto na Radi: Kijitabu cha Kiangazi kwa Kaya za Pwani na Kanda ya Ziwa

Jioni za Desemba hadi Machi utabiri husomwa kwa maneno karibu yale yale: mawingu kiasi, mvua za ngurumo katika maeneo machache, vipindi vya jua. Msikilizaji anangoja mji wake utajwe, anasikia nyuzi joto 32, anarudi kwenye sahani yake. Kijitabu hiki kinamrudisha kwenye maneno hayo, maana kuna mawili tunayoyasikia vibaya: ile namba ya nyuzi joto, na hayo "maeneo machache".

Kiangazi cha nani?

Vuli ikishakatika na masika haijaingia, pwani ya kaskazini hubaki na Januari na Februari zake za jua kali. Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Mombasa zote zimo. Ni wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki ambao hauna ubaridi wa kusi ya Julai. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na katikati ya tarehe hizo haliendi mbali. Bahari nayo huwa imepata moto, na hewa inayotoka huko imebeba mvuke.

Mkazi wa Mbeya au Songea akisoma haya atashangaa, kwani kwake Januari ni matope na mahindi yanayokua. Kanda ya Ziwa nayo ina habari yake, tutaifikia.

Utabiri wa msimu ukisema joto litakuwa "wastani hadi juu ya wastani", wastani huo ni wa miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020. Utabiri huo hautaji siku wala mtaa, unasema upande upi mizani imeelemea. Nyuzi moja juu ya wastani inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mtu ambaye Januari ya kawaida tayari humtoa kitandani saa nane usiku, si ndogo.

Nyuzi 32 zinazouma kama 41

Mwili hupoa kwa jasho, lakini si kwa kulitoa tu. Jasho lazima likauke. Hewa ikishajaa mvuke, jasho hutiririka mgongoni na kuloanisha shati bila kupoza kitu. Ndiyo maana nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 70 mwili huzipokea kama nyuzi 41 hivi. Watu wa pwani wana neno lake, fukuto, na neno hilo linasema kweli kuliko namba inayosomwa redioni, kwa kuwa kipimajoto hakitoki jasho.

Hatari kubwa ya fukuto iko usiku. Mwili uliochemka mchana unahitaji saa kadhaa za kupoa, na Dar es Salaam ya Februari joto la usiku mara nyingi haliteremki chini ya nyuzi 25. Ingia chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, dirisha moja, watoto watatu kwenye godoro moja, chandarua kimeshuka kwa sababu mbu nao hawana likizo. Watu huyalaumu mabati. Mabati yana hatia mchana, ila jua likizama hupoa upesi. Mkosaji wa usiku ni ukuta wa matofali ya saruji, uliokunywa jua tangu asubuhi na sasa unalirudisha ndani taratibu. Ukiugusa saa tatu usiku utadhani upande wa pili kuna jiko.

Kwa hiyo kazi ya kupoza chumba huanza asubuhi. Ukuta unaopigwa na jua la mchana uwekewe kivuli cha turubai, makuti au mti. Pazia lifungwe upande wa jua. Jioni fungua madirisha ya pande mbili, hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Feni inayozungusha hewa ile ile ya chumba kilichofungwa haisaidii sana. Dari, hata la bei nafuu, hupunguza moto wa mabati. Watoto wanaotokwa na harara waogeshwe maji ya kawaida, wakaushwe, wavalishwe pamba nyepesi, wasipakwe mafuta mazito yanayoziba ngozi.

Anayefanya kazi juani

Saidia fundi anayechanganya zege saa saba mchana anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa. Asingoje kiu. Anywe kidogo kidogo kila baada ya dakika 15 au 20, na ale chakula chenye chumvi yake ya kawaida, kwani jasho huondoka na chumvi. Msimamizi mwenye busara huanza kumwaga zege saa kumi na mbili asubuhi na kuacha kazi nyepesi za kivulini kwa saa sita hadi saa kumi. Mfanyakazi mgeni, au aliyetoka likizo, apewe siku kadhaa za kuzoea kabla ya kupewa mzigo kamili.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya fukuto. Anayefunga agawe maji yake tangu futari hadi daku badala ya kuyafululiza alfajiri, na kazi nzito azimalize asubuhi. Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito na anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Dawa isiachwe wala kupunguzwa kwa kukisia.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: huyo amezidiwa. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba kama mlevi au akazimia, hicho ni kiharusi cha joto, na joto la mwili wake huenda limepita nyuzi 40. Hapo usimnyweshe chochote. Itisha usafiri wa kwenda hospitali, na wakati unangoja mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, mwekee barafu shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa juu. Kupozwa kwake kusisubiri hospitali.

"Maeneo machache" ni wapi?

Kimara inanyesha mpaka mifereji inafurika, Posta jua linawaka. Kila mkazi wa Dar es Salaam amewahi kubishana kwenye simu juu ya mvua ya namna hiyo. Ardhi iliyochomwa mchana kutwa hupasha hewa yenye mvuke, hewa hupanda, wingu huota kama koliflawa na kurefuka hadi kilomita 12 au zaidi. Linaweza kumwaga kila kitu ndani ya saa moja kisha likafa. Mtabiri anajua mkoa una hali ya kuzaa mawingu hayo. Hawezi kukuambia jana yake kwamba litaota juu ya mtaa wako. Basi "maeneo machache" hayana maana ya mvua chache. Popote wingu litakapomwaga, hapo mvua ni nzima, na upepo wa ghafla wenye ubaridi huitangulia. Upepo huo ndio unaong'oa mabati.

Kanda ya Ziwa mambo hupinduka. Mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu na ngurumo huanza huko alasiri. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya maji ya Ziwa Victoria, ambayo bado yana joto, na dhoruba huzaliwa katikati ya ziwa usiku wa manane hadi alfajiri. Hizo ndizo saa za wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa usiku wa giza la mwezi. Kabla ya kusukuma mtumbwi, sikiliza kama kuna *angalizo*, *tahadhari* au *tahadhari kubwa*; maneno hayo matatu yamepangwa kwa ngazi, si kwa mapambo. Jaketi la kujiokolea livaliwe. Likikaliwa kama mto halimsaidii mtu akipinduka.

Radi

Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa shule moja ya sekondari wilayani Bukombe, mkoani Geita. Mwaka 2011 nchini Uganda, pigo moja katika shule ya Runyanya liliua wanafunzi 18. Pigo moja huua wengi kwa kuwa umeme husambaa ardhini na kupita kwa kila aliye karibu, na chumba kisicho na kizuia radi hakina pa kuupeleka.

Kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu hakuzuii kitu. Simu iliyo mfukoni haiiti radi. Simu iliyochomekwa kwenye chaji ndiyo ya kuogopa, pamoja na bomba la maji na waya wa kuanikia. Nyumba iliyojengwa imara ni salama zaidi, na gari lenye bodi ya chuma lililofungwa vioo. Bajaji, banda la makuti na kivuli cha mwembe si salama, na ng'ombe wanaokutwa wamekufa chini ya mti mmoja ni ushahidi tosha.

Umeme ukimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30 uko ndani ya masafa yake.

Aliyepigwa hana umeme mwilini. Mguse, na kama hapumui anza kumkandamiza kifua mara moja.

Walimu wawabakize wanafunzi ndani dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine dakika ya 25, hesabu inaanza upya.